Mpisheni Yairo

Mahubiri kwa watu wa Izimbya na wote wenye watoto
Somo: Marko 5:21–43

Waitu, ndugu zangu wa Izimbya, nanyi wa Bukoba na Muleba mtakaoisoma karatasi hii chini ya migomba au mkisubiri gari njia panda: someni taratibu, maana nimeiandika moyo ukiniwaka.

Yairo mnamjua. Alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa kupewa kiti cha mbele. Siku ile heshima yake aliivua kama mtu anavyovua kanzu iliyolowa mvua. Alianguka chini machoni pa watu wote, kwa sababu nyumbani alikuwa na binti wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho. Yesu akakubali kwenda, safari ikaanza. Hapo ndipo mzazi anapojua maana ya neno njia. Umati ulisonga. Yesu akasimama, akauliza nani amemgusa, mwanamke mmoja akaeleza habari zake zote, na Yairo amesimama pale pale, mikono mitupu. Marko hatuambii Yairo alisema nini. Nadhani hakusema kitu. Mzazi mwenye mgonjwa huhesabu pumzi tu. Kisha wakaja watu kutoka nyumbani na habari ya kulegeza magoti: binti amekwisha kufa, ya nini kuendelea kumsumbua Mwalimu?

Sikilizeni sasa. Yesu aliweza kuchelewa, maana mamlaka yake yanafika hata ng'ambo ya kaburi. Sisi hatuwezi. Daktari hawezi. Dawa haiwezi. Mtoto aliyecheleweshwa mikononi mwa Yesu aliinuka. Aliyecheleweshwa mikononi mwetu tunamchimbia. Kwa hiyo leo nitahubiri habari ya njia, na habari ya wanaoifunga.

Kuna uvimbe unaompata mtoto tayani. Mama huona jino limelegea kabla ya umri wake wa kung'oka. Baada ya siku chache shavu limejaa, naye hudhani ni jino bovu. Halafu jicho linaanza kusukumwa nje, au tumbo linajaa na kuwa gumu. Madaktari huiita saratani hiyo limfoma ya Burkitt. Katika saratani zote za binadamu hakuna inayokua upesi kuipita. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Leo ni punje ya kahawa. Ukichelewa majuma machache, sura ya mtoto huitambui. Lakini shikeni na upande wa pili wa habari hii, maana ndio Injili yake: kwa kuwa unakua upesi, uvimbe huo husikia dawa upesi. Mtoto aliyeingia wodini uso umepotoka anaweza kuonekana amepungua uvimbe ndani ya siku chache, na akimaliza dawa zake zote, anaweza kupona kabisa. Haraka yake ndiyo udhaifu wake. Kinachobaki kuulizwa ni kimoja: je, atafika?

Ugonjwa huu si wa nchi za mbali. Ulitambuliwa kwa jirani zetu hapa, Kampala. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyeitwa Denis Burkitt aliitwa kumtazama mvulana wa miaka 5 mwenye uvimbe pande zote za mataya. Burkitt alikuwa na jicho moja tu. La pili alilipoteza utotoni. Kwa jicho lile moja aliona walichokuwa wakikipita wengi wenye mawili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri zaidi ya kilomita 15,000, wakipita Tanganyika yetu hii hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: watoto wa namna hii mnawaona? Wakapata mkanda wa nchi zenye joto na mvua, nchi za malaria. Sisi wa Ziwa Viktoria tumo katika mkanda huo. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kuwatibu watoto hawa, nacho baadaye kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto wakaanza kuondoka pale kwa miguu yao, wakicheka kwa mataya yao wenyewe.

Angalieni ramani, waitu. Njia ya Yairo ilikuwa inapita karibu na mlango wetu: Bukoba, Kyaka, Mutukula, Masaka, Kampala. Kisha ikafungwa.

Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda kwa bunduki. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, na wataalamu wengi wa kigeni wakaondoka, akiwemo John Ziegler, Mmarekani aliyekuwa akikiongoza kituo kile tangu kilipoanza. Mganda, Profesa Charles Olweny, akabaki na wagonjwa. Huyo alikuwa na ujuzi. Lakini ujuzi wa daktari hauleti dawa nchini, na hauwezi kumtembeza mama usiku kwenye barabara yenye askari walevi. Hivyo ndivyo vita inavyoanza kumwua mtoto mwenye saratani, kabla hata bomu halijaanguka. Humnyima chupa ya dawa, humwondoa muuguzi, humfanya baba aogope kituo cha ukaguzi kuliko anavyoogopa uvimbe.

Halafu ikaja Oktoba 1978. Wazee wangu, hapa sina la kuwafundisha, ninyi mlikuwapo. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakachoma, yakaswaga ng'ombe. Watu wa kaskazini ya Kagera waliuvuka mto wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani, wakaja huku kwetu. Novemba, daraja la Kyaka likalipuliwa. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa katika eneo lile. Jeshi letu likavuka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Magofu ya kanisa pale Kyaka yamesimama mpaka leo, kila anayepita anayaona.

Lakini nawauliza: katika hesabu ya vita ile, nani alimhesabu mtoto wa taya? Tuliwahesabu waliopigwa risasi. Tulihesabu ng'ombe, tukahesabu nyumba, tukahesabu hata mabati. Yule aliyekuwa akienda hospitali kila majuma mawili kuchomwa sindano, akakuta barabara imefungwa, akarudi nyumbani, akafa juu ya mkeka wa bibi yake miezi mitatu baadaye, huyo aliandikwa wapi? Alizikwa kama aliyekufa kwa ugonjwa. Msibani watu walisema Mungu amempenda zaidi. Sivyo! Msimsingizie Mungu. Mtoto yule aliuawa na daraja.

Sasa niwapeleke mahali pagumu zaidi. Kaskazini-magharibi mwa Uganda kuna nchi ya West Nile. Huko ndiko kwao Idi Amin. Na huko huko, miaka ya 1970, watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walichukua damu ya watoto wapatao 42,000. Walitaka kujua kwa nini virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964, viitwavyo Epstein-Barr, humletea mtoto mmoja uvimbe na kumwacha mwenzake. Fikirini: mama wa watoto 42,000 wakawashika mkono wachomwe sindano, ili siku moja watoto wa dunia wapone, na wako wakiwemo. Amin alipoanguka, kisasi kikaenda West Nile. Mwaka 1980 askari waliingia huko wakiua na kuchoma, na watu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Watoto wale wale, mama wale wale.

Walikuwa watoto wa adui, si ndiyo? Watoto wa nyumbani kwao mtu aliyetulipulia daraja. Niambieni basi, mnaosema Amina kwa sauti kubwa: taya la mtoto wa adui huvimba kwa namna gani? Huvimba kama la mtoto wa Izimbya. Uvimbe hauulizi kabila, hauna bendera, wala hausubiri wakubwa watie saini Nairobi au Luanda. Wakubwa wakisema mazungumzo yameahirishwa kwa majuma mawili, uvimbe hauahirishwi.

Msidhani ni habari za zamani. Vita ilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, hospitali kuu ya saratani ya mji ule ilifungwa. Wagonjwa wakakimbilia Wad Madani, wazazi wakashukuru kwamba angalau huko dawa ipo. Desemba mwaka ule ule wapiganaji wakaingia Wad Madani. Hiyo ndiyo habari ya mzazi aliyemtorosha mtoto mara mbili na kukamatwa na vita mara mbili. Gaza, hospitali pekee maalumu ya saratani iliacha kufanya kazi Novemba 2023 kwa kukosa mafuta ya jenereta. Kyiv, Julai 2024, kombora lilipiga hospitali kubwa ya watoto, na watoto wa saratani wakatolewa nje na mipira ya dawa ingali mikononi. Na karibu nasi zaidi, ng'ambo ya Rwanda, Goma ilitekwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa, hospitali zikajaa majeruhi wa risasi hadi sakafuni. Katika foleni ya namna hiyo mtoto mwenye uvimbe shavuni hutangulizwa na nani? Hatoki damu, hapigi kelele. Anaambiwa asubiri. Na yeye ndiye asiyeweza kusubiri.

Lakini ashukuriwe Mungu, kuna waliokataa kufunga njia. Huko Gulu ipo hospitali ya Lacor, iliyoanzishwa mwaka 1959. Miaka 20 ya vita ya Joseph Kony na Lord's Resistance Army iliwapitia juu ya kichwa. Jioni maelfu ya watu, wengi wao watoto, waliingia ndani ya uzio wa hospitali kulala, asubuhi wakarudi vijijini. Juma Kuu la mwaka 1989 waasi walikuja kuteka watu wa hospitali. Daktari Matthew Lukwiya akatoka akasema, nichukueni mimi. Wakamchukua, akatembezwa porini kwa juma zima akiwa na koti lake la udaktari, akarudi, akaendelea na zamu. Mwaka 2000 alipigana na Ebola wodini, nayo ikamwua tarehe 5 Desemba. Kwa sababu ya watu wa namna hiyo milango ya Lacor haikufungwa, na katika miaka ile ile ya vita mamia ya watoto wenye limfoma ya Burkitt huko kaskazini walionwa na kuandikwa. Vita ilisema hakuna njia. Mtu mmoja mwenye koti jeupe akasema, mimi ndiye njia, nipitieni.

Sasa nageuka. Nimeisema Sudan, nimeisema Kongo, mmetikisa kichwa kwa huzuni. Nageuka kwako wewe wa Izimbya.

Daraja la Kyaka lilijengwa upya. Toka Aprili 1979 hakuna askari wa kigeni barabarani kwetu. Mwanza iko hospitali ya Bugando inayotibu saratani za watoto. Dar es Salaam iko Muhimbili. Kutoka hapa kwenda Bukoba kuna gari, na Bukoba kuna basi na kuna meli. Tuna amani ambayo mama wa Goma angeilipia kwa macho yake mawili. Basi kwa nini watoto wetu wanafika hospitali wamechelewa kana kwamba wametokea vitani?

Nitawaambia. Vizuizi tumeviweka wenyewe.

Kizuizi cha kwanza kinasema mtoto karogwa. Miezi miwili inaishia kwa mganga, jino linang'olewa, shavu linachanjwa, na majirani wawili wanaacha kusalimiana kwa sababu ya uchawi usiokuwapo. Kizuizi cha pili, nakiri kwa aibu, kimesimamiwa na sisi wahubiri. Nabii anayemwambia mama aache dawa aonyeshe imani ni askari wa kizuizini asiye na sare. Mtu akiomba huku ameshika tiketi ya meli, huyo ameomba. Yairo hakukaa nyumbani kufunga na kusali. Alitoka, akatembea, akaaibika, akamtafuta anayeweza.

Kizuizi cha tatu ni fedha, na hapa msinikasirikie. Baba anauza kahawa kwa butura, maua yangali mtini, apate nauli ya kwenda mara moja. Inatosha kwenda, haitoshi kurudi tena baada ya majuma mawili, wala mara ya tatu, wala ya nne. Dawa za saratani hazimezwi siku moja zikaisha. Uvimbe wa Burkitt huhitaji duru kadhaa, na saratani ya damu huweza kudai miaka 2 au 3. Mtoto anapata nafuu, uso unarudi, baba anasema amepona, hawarudi. Uvimbe ndio unaorudi. Jirani zake tuko wapi? Tunangoja. Siku ya msiba utatuona! Kuni zinakuja, ndizi zinakuja, daftari la rambirambi linafunguliwa, na kila jina lina shilingi mbele yake. Waitu, fedha ilikuwepo! Ilikuwepo tangu zamani. Ilikuwa inangoja mtoto afe ili itoke mfukoni.

Basi tubuni. Toba ya kulia peke yake siitaki. Nataka toba yenye daftari. Kila jumuiya ifungue daftari la nauli kama lile la msiba, liandikwe kabla ya msiba. Kila jumuiya imteue mama mmoja na kijana mmoja wa kumsindikiza mzazi mpaka Mwanza safari ya kwanza, maana mtu asiyejua mji hupotea hata penye vibao. Mtoto akirudi nyumbani kupumzika, mumwulize mzazi tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo muijue jumuiya nzima kama mnavyojua siku ya harusi. Ndugu zetu Waislamu, mlango wenu uko jirani na wetu; msikiti na kanisa viwe na daftari moja ikiwezekana, kwa kuwa uvimbe hauulizi nani anaswali wapi.

Nanyi mama zangu, na bibi mnaolea wajukuu, fungueni macho. Jino lililolegea kabla ya wakati. Shavu linalojaa bila maumivu ya jino. Jicho la mtoto mchanga linalong'aa jeupe kama la paka katika mwanga. Tumbo gumu upande mmoja unapomwogesha. Homa isiyoisha, mtoto amepauka, anatokwa damu puani na kupata michubuko bila kuanguka. Mkiona mojawapo, msikae mkao wa kusubiri. Zahanati, kisha hospitali, kisha ulizeni kwa sauti: je, si saratani? Haki ya kuuliza hakuna aliyewanyima.

Na malaria msiidharau. Wataalamu wanaona malaria inayojirudia utotoni huandaa njia kwa uvimbe huu wa tayani. Hapo Muleba ndipo vilipopimwa vyandarua vya aina mpya, na ushahidi uliotoka huko ulisaidia Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza mwaka 2017. Dunia ilijifunza kutoka kwetu. Aibu iliyoje basi, chandarua kikiwa kimezungushiwa bustani ya mchicha na mtoto analala wazi!

Halafu wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Mkoa huu wa Kagera unajua maana ya kumpokea mtu asiye na kitu. Akija tena mama kutoka Burundi au Kongo na mtoto mwenye shavu lililofunikwa kwa kanga, usimwulize kwanza vibali. Kwao mlango wa hospitali umefungwa kwa bunduki. Wewe usiufunge kwa ulimi. Na ninyi vijana mnaoshangilia vita kwenye simu zenu, mkichagua upande kama timu za mpira, mkisema wapigwe, wamalizwe: kila daraja mnalolishangilia likianguka, kuna Yairo juu yake.

Kila mwaka watoto wapatao 400,000 duniani huugua saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya 8 kati ya 10 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 3. Mungu hakuwaumba watoto wa nchi tajiri kwa udongo bora kuliko wetu. Wao wamefika mapema, wakakuta dawa, wakaruhusiwa kumaliza. Njia, ndugu zangu. Ni njia tu.

Turudi nyumbani kwa Yairo tumalizie. Waombolezaji walikuwa wameshakaa, na Yesu aliposema mtoto hajafa walimcheka. Aliwatoa nje. Mnaotaka kuomboleza mapema, leo mnatolewa nje ya nyumba hii. Akabaki na wazazi na wanafunzi watatu, akamshika binti mkono, naye akasimama akatembea. Watu wakashangaa sana. Lakini Yesu hakutaka kushangiliwa. Alitoa agizo moja la jikoni: mtoto apewe chakula.

Hapo ndipo ninapowaachia kazi. Mmoja wenu ana uji jikoni. Mwingine ana nafasi nyuma ya pikipiki. Mwingine ana shilingi elfu tano ambazo angezitoa msibani bila kuulizwa. Na pale njia panda, asubuhi ya leo, pengine yupo mtu amempakata mtoto, kanga imefunika shavu, anaogopa kuomba. Huyo ndiye.

Mpisheni. Amina.